Ukiitwa kuongoza selihoti

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia wewe ndiye utakayeongoza sala ya asubuhi, pamoja na selihoti (sala za kuomba msamaha), siku ya 17 Tamuzi, siku ya mfungo wetu Wayahudi. Kitabu cha sala unacho, ila yapo mambo ya kuangalia.

Kwanza, kiongozi awe amefunga. Ukiamka na homa ukanywa chai na dawa, mpishe mwingine mapema, usingoje hadi mbele ya watu.

Selihoti kwetu Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huja baada ya kurudia Amida, ile sala kuu ya kusimama, lakini kosa la kawaida hutokea kabla yake. Unaporudia Amida, ukimaliza baraka ya Mkombozi wa Israeli usiingie kwenye uponyaji; hapo kati pana Anenu, baraka ya siku ya mfungo. Ulimi umezoea siku za kawaida, utairuka tu. Ukigutuka kabla ya kufunga baraka ya uponyaji, rudi useme Anenu, kisha uanze ya uponyaji upya. Ukiwa umeshaifunga, ingiza Anenu kwenye Shomea Tefila, baraka ya Asikiaye sala, bila kuifunga kwa baraka yake.

Mashairi ya selihoti hubadilika kwa kila mfungo. Kiini cha selihoti ni zile sifa 13 za rehema, Kutoka 34:6-7, zinazorudiwa baada ya mashairi. Mara ya kwanza zitangulize na El Erekh Apayim, mara zinazofuata na El Melekh Yoshev. Jina la Mungu linatajwa mara mbili mfululizo, na katikati pana kistari kilichosimama: tua kidogo hapo. Watu wanaokimbiza wakawahi kazini huyaunganisha. Mimi naona afadhali uruke shairi zima kuliko kuzitafuna sifa.

Sifa hizo zinataka akidi ya watu kumi. Usiwahesabu watu kwa namba. Tumia aya ya Hoshia et amekha, Zaburi 28:9, yenye maneno kumi, neno moja kwa kila mtu. Wakipungua, sifa hizo zisome kwa lahani ya Torati na uendelee mpaka mwisho wa aya, maana katika sala tunakatia njiani, kwenye “venake”.

Kwenye Ashamnu, ungamo la dhambi, simama, inama kidogo, gonga kifua upande wa moyo kwa ngumi ya kulia, pigo moja kila neno. Gonga taratibu, wanaojipiga kwa kishindo wanawachanganya wenzao. Avinu Malkenu, ombi la “Baba yetu, Mfalme wetu”, nayo ina mtego: siku hii ni “zokhrenu” (utukumbuke), si “kotvenu” (utuandike) ya zile Siku Kumi za Toba.

Torati husomwa Kutoka 32:11-14, kisha 34:1-10, asubuhi na alasiri. Mara tatu msomaji hunyamaza ili watu waseme kwanza, basi mkumbushe. Alasiri, anayeitwa wa tatu ndiye husoma haftara, somo la manabii, Isaya 55:6 hadi 56:8. Mwambie asubuhi hiyohiyo ajiandae.

Baba yako