Kifua kikuu hakikulipuka mwaka 1912

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ripoti za kale za afya katika wilaya za miji ya Uingereza, pamoja na jedwali lake la wagonjwa walioripotiwa kila mwaka, nimeisoma kwa hamu, ila mwandishi ameteleza aliposema kifua kikuu "kililipuka" mwaka 1912. Kilicholipuka ni makaratasi.

Sheria ya 1889 iliwalazimisha madaktari wa London kutoa taarifa za magonjwa ya kuambukiza. Kwingineko halmashauri ziliachiwa hiari hadi 1899, ilipokuwa lazima Uingereza na Wales nzima. Daktari akikuta ndui, dondakoo, homa ya skaleti au homa ya matumbo, alijaza cheti akakipeleka kwa mganga wa afya wa wilaya. Kwa mgonjwa wake binafsi alilipwa shilingi mbili na peni sita. Kwa wa taasisi ya umma, shilingi moja. Akinyamaza, faini ilifika shilingi 40. (Sisi tunaojaza fomu za aina hii leo hata ile shilingi moja tungeipokea kwa mikono miwili.)

Kifua kikuu hakikuwamo katika orodha hiyo. Kiliingizwa kidogo kidogo: 1909 kwa maskini waliotibiwa kwa fedha za umma, 1912 kwa kila mwenye TB ya mapafu, 1913 kwa TB za aina zote. Safu yake kwenye jedwali, iliyokuwa karibu tupu, ikajaa ghafla, na watu wanakohoa vilevile kama mwaka uliotangulia. Vifo vilikuwa na njia yake, kwa msajili wa vifo, na huko mwandishi angeona kwamba vifo vya kifua kikuu Uingereza vilikuwa vikishuka kwa miongo kadhaa.

Surua ni kichekesho zaidi. Iliua watoto wengi miaka yote hiyo, lakini ilifanywa ya kuripotiwa nchi nzima mwaka 1916 tu, kisha ikaondolewa mwisho wa 1919. Anayesoma jedwali bila kujua hilo atadhani ilikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia ikaondoka navyo. Na mafua makali ya 1918, yaliyojaza makaburi, hayakuwa na safu kabisa kwa sababu hayakuwa kwenye orodha. Nimonia iliingizwa 1919, maji yamekwisha kumwagika.

Hata safu zilizokuwepo zilihesabu waliomwona daktari. Cheti kilileta mkaguzi mlangoni, watoto wakazuiwa shule, mgonjwa akapelekwa hospitali ya kutengwa. Sishangai kama wapo waliomficha mtoto chumba cha nyuma.

Wanaopekua kumbukumbu za Kenya nao waangalie. Sheria yetu ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya 1921, na orodha yake imerithi mengi ya Waingereza, homa ya skaleti ikiwamo.

Naomba mlichapishe upya jedwali lile, na kando ya kila ugonjwa muandike mwaka ulioingizwa kwenye orodha na mwaka ulioondolewa.

Mtunza kumbukumbu za afya,
Mombasa