Mdogo wangu ananiomba nimpelekee kete ya unga wodini

Shangazi, shikamoo.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Alianza unga (heroini) kwa kuvuta, baadaye akahamia kwenye sindano. Mwezi uliopita alishikwa na homa, tukamnunulia vidonge. Asubuhi inashuka, usiku inarudi na jasho la kulowesha shuka. Alipoanza kukohoa na kuchomwa kifuani kila akivuta pumzi, ndipo tulipompeleka hospitali.

Walimtoa damu, wakampiga picha ya moyo. Kumbe bakteria walioingia na sindano wameota kwenye vali ya upande wa kulia wa moyo, na vipande vinavyomeguka huko vinakwenda kukwama kwenye mapafu. Miaka yote hii nimehofia UKIMWI na homa ya ini. Moyo haukuwahi kunijia akilini! Dawa anapewa kwa mshipa, wiki sita, bila kuruka.

Leo ni siku ya 11. Siku ya pili tu arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, ilimpanda: anatapika, anaharisha, miguu haitulii. Usiku akatoroka na kile kimpira cha dripu mkononi. Asubuhi akarudi mwenyewe, mtulivu, macho yamelegea. Wauguzi akawaambia alilala kwangu. Nami nikaitikia.

Juzi ameniomba nimpelekee kete moja kila siku, eti asitoroke tena. Nilikataa. Lakini jana aliponiomba hela nilimpa, sikuuliza ya nini (nilijua, Shangazi, nisikudanganye). Sasa silali, nakiwaza kile kimpira: ni mlango ulio wazi hadi kwenye moyo ule ule unaotibiwa.

Nimesikia mgonjwa kama yeye anaweza kupewa methadoni akiwa kitandani, arosto ikatulia akamaliza dozi. Lakini ili apewe, lazima daktari ajue kwamba bado anatumia, na mdogo wangu ameapa nikifungua mdomo nisimwite ndugu tena. Anaamini watamfukuza. Mimi naogopa wakimfukuza, na naogopa zaidi akimaliza wiki sita bila unga kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili ukiwa umeshakisahau. Kipimo hicho hicho kinaweza kumzima pumzi.

Daktari hupita wodini saa tatu asubuhi. Nimvute pembeni nimwambie, au nimbembeleze kwanza mdogo wangu aseme mwenyewe? Na ile hela niliyompa, niitaje?

Dada mkubwa