Urojo wa Mama Usihamishwe

Seeb, Muscat

Mdogo wangu Salim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillah, khofu ni kwenu. Mama nishikie mkono, na hilo goti lake naomba uniambie kweli, usinifiche kama mlivyonificha ya Shangazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka shilingi 1,800,000 za meza mpya, jiko la gesi na kikaango bapa, umtoe mama Kikwajuni umpeleke Forodhani mkauze pizza, na urojo ukae pembeni. Na Khamis, unasema, keshakubali mshirikiane. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo. Jibu langu ni hapana. Pesa nitatuma, lakini za kuhama sitoi.

Usinielewe vibaya. Forodhani naipenda, na tangu bustani itengenezwe upya mwaka 2009 imekuwa pahala pazuri pa kupunga upepo. Mtu akitaka miwa ikamuliwe mbele ya macho yake, na kipande cha tangawizi na ndimu vipite humo humo mashineni, aende pale. Akitaka pweza, hali kadhalika. Hata pizza siichukii. Ule unga uvutwe mpaka uwe mwembamba kama karatasi, nyama ya kusaga na kitunguu, yai livunjwe juu, ukunjwe pembe nne na kukaangwa bila kuchanika, si kazi ndogo. Vijana wa pale wameisomea mikono yao ikakubali. Mama yeye ana kazi yake. Pale meza zimebanana, kila mwenye meza anamwita mgeni kwa lugha anayodhani ni ya kwao. Mama atamwita nani? Mama hajapata kumwita mteja tangu nimjue. Watu wanamfuata.

Tena hao wanaomfuata ndio hao hao. Watoto wanaotoka skuli, mafundi, mabibi wanaotuma wajukuu na bakuli za nyumbani, yule mzee wa Kisiwandui asiyetaka yai. Ikifika alasiri wapo, na hakuna anayeeleza anachotaka, kwa sababu mama anajua nani wa mbatata nyingi, nani wa bajia mbili, nani asiguse pilipili. Ukiutoa urojo ule Kikwajuni umewavunjia watu ada yao, na watalii hawatakuja kuijaza nafasi ya hao. Mtalii anakula leo, kesho yuko Nungwi.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Mwanaisha kaniambia kwamba siku mama alipolala, ulipika wewe, ukatia rangi ya unga badala ya bizari ya manjano, na ukali ukautoa kwenye chupa. Salim! Bibi angekuwa hai ungeyafanya hayo? Watu wa Kikwajuni hawakukwambia kitu kwa heshima ya mama, lakini bakuli zilirudi na mchuzi chini. Bakuli la urojo halirudi na mchuzi.

Basi nisikilize, ingawa umeuona ukipikwa maisha yako yote. Unga wa ngano na ule kidogo wa dengu unauvuruga kwanza kwa maji baridi, na manjano na chumvi humo humo, mpaka madonge yaishe kabisa. Maji mengine yawe yanatokota. Unamimina taratibu mkono mmoja, wa pili unakoroga, na hapo huondoki. Simu ikilia, iache ilie. Unakoroga mpaka ile harufu ya unga mbichi iondoke, na hilo pua ndiyo itakwambia, saa haikwambii. Embe mbichi umeshalichemsha na kuliponda, unalitia, ndimu inakuja mwisho baada ya kuonja. Mchuzi ukiuinua kwa upawa uteremke kama uzi bila kukatika. Ukianguka kwa matone bado, ukianguka kwa donge umeuharibu. Kisha ndio mbatata, bajia, kachori, yai, mishkaki ile midogo, chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo juu kabisa, dakika ya mwisho, zisije zikalowa kabla mtu hajazitafuna.

Mimi najua ninalolisema, maana urojo huo ndio ulionipandisha hapa. Idi iliyopita nyumba moja ya Seeb walifukua shuwa yao, nyama imekaa shimoni tangu jana yake, inanukia mtaa mzima, na watu wamejaa majlisi. Mimi nikaweka sufuria langu la urojo pembeni, sikumwambia mtu. Wallahi, Salim, wanawake waliacha shuwa. Wengi wao wana asili ya kwetu, Kiswahili chao safi kuliko chako, na walikula wamesimama na bakuli mkononi, kama wako Kikwajuni. Sufuria lilikwanguliwa. Wiki ile ile tajiri akanikabidhi jiko lote la vitafunio, na sasa nina wasichana chini yangu, mmoja Mhindi wa Kerala anayejua nazi kuliko mimi. Mwambie mama. Mwambie na Shangazi, aliyesema kwamba nimekuja kuosha vyombo.

Kazi ipo, joto lipo, hayo tuyaache. Jioni naweza kutembea mpaka kwenye majiko ya mkaa barabarani, mishkaki inachomwa na ukwaju unapewa, tamu kweli, lakini hapana anayeniuliza za nyumbani. Na mwaka jana walitupeleka Salalah, kusini ya Oman, wakati wa mvua zao. Kando ya barabara madafu, ndizi, mapapai, mawingu chini, ukungu. Nilidhani niko njia ya Bububu. Nilinunua dafu, nikalinywa kwenye gari nimegeuza uso dirishani.

Lakini sababu kubwa ya hapana yangu ni Bi Zuwena. Ni mama yake tajiri. Kwao Malindi ya hapo hapo mjini Unguja, aliondoka mwaka 1964 akiwa mtoto, wakahangaika, wakaja kutulia hapa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Hajarudi tangu siku ile. Urojo wangu wa Idi alikula kimya, kisha akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia mama, Kikwajuni, barazani chini ya mwembe. Akasema, "Nipeleke." Desemba inshallah anakuja na mjukuu wake, na mwenyeji wao ni wewe. Embe zitakuwepo, hakuna kisingizio.

Asubuhi usimharakishe. Vitumbua vya Bi Mize, mbaazi za nazi na mkate, chai ya maziwa, kula nyumbani kwetu na si hotelini. Kisha mtembeze Darajani taratibu. Soko lile lipo tangu 1904, atalitambua hata kama biashara zimebadilika. Mnunulie mkate wa ufuta ukiwa moto, na ubuyu, ana hamu nao tangu utotoni. Jaws Corner mtafutie pa kukaa kibarazani na kahawa umletee wewe, chungu, na kashata ya nazi. Mazungumzo ya siasa yakipamba moto mwondoe, amekuja kuona kwao. Mapapasi, hao vijana wanaowaganda wageni, wasimkaribie, ukitembea naye bega kwa bega hawatamsogelea.

Mwandae kabla hamjafika baharini. Beit el-Ajaib, lile jumba la masultani, anayoikumbuka yeye ni ile nzima, na upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020. Asije akaiona ghafla. Mpitishe Malindi kwanza, mwache asimame anapotaka kusimama, usimuulize maswali.

Alasiri ndiyo ya mama. Mkalishe kwenye kiti, lakini asitengwe, akae na wateja. Mama ampakulie kama anavyompakulia kila mtu, asimwongezee mishkaki kwa kuwa ni mgeni wa Muscat. Baada ya Maghrib ndio mwende Forodhani, anywe miwa, aone watoto wakiruka ukutani kuingia baharini. Kabla ya kitu chochote kuwekwa motoni ulizia bei, na samaki mmtazame macho yake.

Unaona sasa? Ukimhamisha mama, huyu bibi nitamwambia aende wapi? Nimemwahidi Kikwajuni.

Nimetuma laki saba leo kwa jina la Mwanaisha. Usinune, la friza hatujalisahau. Sufuria kubwa jipya, lile la zamani limepasuka mpini na mama anaungua. Turubai la mvua. Bakuli na vijiko. Kiti chenye mgongo cha mama, apike amekaa. Na mtafutieni msichana wa kuosha vyombo alipwe kila siku, na wewe mwenyewe ndiye utakayekuna nazi na kubeba maji, kwa sababu goti lile haliponi kwa kuhama mtaa. Ukitaka kujifunza pizza, jifunze, Khamis akuajiri Forodhani, mimi nitakuja kula kwako na nitalipa. Urojo lakini uacheni ulipo.

Zikibaki, mnunulieni mama doti ya kanga, achague mwenyewe jina. Mwanaisha anitumie picha ya sufuria kabla ya Ijumaa.

Wasalaam,
Dada yako Rukia