Omo ya mashua yako

Matondoni, Lamu

Swahibu yangu Athmani,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Kusi imeshika, vyombo vingi vimepandishwa pwani na mafundi hawapumui. Barua nimeipata, na picha za omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua yako, nimezitazama. Unauliza kama ni kweli hanamu yote, ule mti wa mbele unaopanda kutoka chini ya chombo, ing'olewe, kama ulivyoambiwa huko Mombasa. Mimi sikubali, si kwa nilichokiona.

Hebu itazame tena ile pete ya chuma inayoshika dasturi, mti unaochomoza mbele ya omo. Kutu imetiririka chini yake, na mbao kando ya misumari imekuwa nyeusi, laini. Ubovu umeanzia hapo. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao upesi. Kinachoozesha ni mvua kuingia kwenye tundu la msumari uliolegea ikatuama. Na pete lazima ilegee, maana goshi, pembe ya mbele ya tanga, hufungwa hapo, na tanga likijaa upepo huinyanyua dasturi kwa kila wimbi. Chombo cha umri ule kimenyanyuliwa sana.

Basi kabla hujanunua gogo, ngoja bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, uipweleze mashua, utoe dasturi na pete yake. Gonga hanamu kwa nyundo toka juu hadi inapokutana na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Mbao nzima hulia kwa ukali. Iliyooza hujibu kama ngoma iliyolowa. Pale inapobadilika sauti, choma kisu, utie alama ya chaki. Ubovu ukiwa umeishia kichwani, kata kwa mshazari mrefu, mara sita hata mara nane ya unene wa mbao, uunge kipande cha mbambakofi. Ukiwa umefika mkukuni, hapo sawa, tafuta mti uliopinda wenyewe, na utafute pesa.

Wauza vifaa watakusifia stenlesi, chuma wanachosema hakishiki kutu. Huko juu penye hewa haina neno, lakini ikizikwa ndani ya mbao yenye unyevu nayo huliwa, tena bila kukuonyesha. Mimi nachukua bolti nene za chuma kilichochovywa zinki, na washa pana. Shaba usiikutanishe na chuma, maana kwenye maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa. Matundu ya zamani yazibe kwa vigingi, utoboe mapya pembeni. Kila msumari uzungushie pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa, ncha uikunje kwa ndani. Kisha kalafati, kuziba nyufa kwa pamba, kisha sifa, mafuta ya papa, na harufu yake mtaivumilia.

Lakini ungeniuliza mimi, pete ningeiacha kabisa, dasturi nikaifunga kwa kamba kama walivyofanya wazee. Kamba huchakaa machoni pako, ukaibadilisha mapema. Chuma huliwa kwa ndani huku rangi inang'aa.

Yale macho ya mapambo ya omoni mafundi wasiyapige nyundo. Yatolewe taratibu, yarudishwe yale yale, hata kama rangi imebabuka. Na pale mnyororo wa nanga unaposugua ukingo, wapigilie kipande cha mbao ngumu cha kubadilishwa.

Ukiweza, ilete huku bamvua ijayo. Mbambakofi nitakuwekea, fundi nimeshaongea naye. Bolti nunua huko huko Mombasa, huku bei haishikiki.

Wasalaam,
Nduguyo Shee