Barua kwa mpwa wangu anayechora picha ya Sayyida Salme

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Nimeziona picha za Sayyida Salme unazochora na kuwauzia wageni hapo Bagamoyo. Mkono wako mzuri, mashaallah. Tatizo liko kwenye kile kikaratasi unachobandika nyuma: "Malkia wa Zanzibar akiwa kasrini kwake." Alikuwa binti wa sultani wa Unguja, hakuwa malkia kamwe, na picha ile haikupigwa kasrini.

Picha unayoinakili ilipigwa Hamburg, Ujerumani, mnamo 1868 hivi. Alikuwa na miaka kama 24 na tayari akiitwa Emily Ruete. Mavazi ni ya Kiomani kweli, lakini tazama uso: uko wazi. Kwao Unguja, mwanamke wa ukoo ule asingekaa mbele ya mwanamume asiye maharimu wake bila barakoa. Kwa hiyo ondoa minazi na bahari uliyomwekea nyuma. Rangi za nguo chagua mwenyewe, maana picha ya asili haina rangi, ila usimhakikishie mteja kwamba ndizo zilizokuwa.

Nasaba iandike hivi: Sayyida Salme binti Said bin Sultan, amezaliwa Agosti 30, 1844, Beit el Mtoni. Mama yake ni Jilfidan, Mcherkesi (mtu wa Kaukazi), suria wa Sayyid Said, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake. Wengi huona haya kuandika "suria", wakaweka "mke". Usifanye hivyo, kwa sababu hapo ndipo penye maelezo yote. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na hurithi kama wenzake. Ndivyo Salme alivyopata shamba na fedha baba yake alipofariki mwaka 1856. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, ni kaka zake kwa baba. Mama ni mbalimbali. Usipoandika "kwa baba", msomaji atadhani ni tumbo moja.

Jambo ambalo waongoza wageni hulipita, nami naona ndilo kubwa kuliko hata mapenzi yake na Mjerumani, ni kwamba alijua kuandika. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili aya za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa ujuzi huo, mwaka 1859 Barghash alipomwasi Majid, Salme ndiye aliyeandika barua za waasi, angali na miaka 15. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akapatana na Majid, na Barghash hakulisahau hilo.

Kisha Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Salme akapata mimba, na mnamo Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, Heinrich, akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete Mei 30, 1867. Mtoto huyo alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Usiandike "watoto watatu": walizaliwa wanne, wakakua watatu. Mumewe naye alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na wadogo wote hao.

Wageni wa Kijerumani watakuuliza kuhusu 1885, basi lijue vizuri. Mwaka huo alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, Bismarck, kansela wa Ujerumani, akimtumia kumbana Barghash aliyepinga madai yao ya bara, huko ilikotoka misafara iliyoshukia Bagamoyo. Barghash alisalimu amri kuhusu bara, lakini alikataa kumwona dada yake, na urithi aliodai Salme hakupewa. Alirudi tena mwaka 1888, bila mafanikio. Akaishi Beirut hadi 1914, akafariki Jena Februari 29, 1924. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg.

Wakikuuliza kama aliacha kizazi, jibu ni ndiyo. Antonie Thawka aliolewa na Eugen Brandeis, ofisa wa makoloni. Rosalie Ghuza aliolewa na mwanajeshi. Rudolph Said alihamia London, na mwaka 1929 akachapisha maisha ya babu yake, Sayyid Said.

Vikaratasi vipya vichape kabla ya msimu wa wageni, na jina la Salme litangulie la Emily.

Mjomba wako