Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vidung'ata na Dawa Tuliyopuliza

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu, na vijana wachache mliojitokeza,

Mahesabu atayasoma mweka hazina baada yangu, na habari ya bati la ghala imo kwenye muhtasari mliogawiwa. Mimi nitazungumzia vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu wa mibuni yetu ya kahawa, maana ndio waliotutia hasara mwaka huu, na hasara hiyo niliianzisha mimi.

Kabla ya masika tuliona kimatira, yaani kunguni wa kahawa, kwenye baadhi ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Nikatangaza tupulize vyote, hata visivyo na mdudu. Kimatira walipungua kweli. Baada ya wiki kadhaa vidung'ata wakajaa: matawi yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, majani yakanata na kushika masizi. Muuza dawa akatuambia tuongeze dozi. Tukaongeza, wakazidi.

Kidung'ata amejifunika nta, dawa haimpati vizuri. Nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mwili wake hawana koti hilo, wakafa wao. Halafu wapo sisimizi. Hulamba utamu unaotoka kwa vidung'ata, kwa hiyo huwalinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wake wa maziwa, na adui akisogea humfukuza.

Bwana shamba alitusimulia ya Kenya. Miaka ya 1920 na 1930 vidung'ata waliitesa sana kahawa ya kule. Wataalamu wakatafuta adui wao mpaka Asia, wakatoka kapa, kwa kuwa mdudu mwenyewe walikuwa wamemtambua vibaya. Alipotambuliwa upya, ikaonekana kwao ni Uganda, hapo jirani tu! Mwaka 1938 nyigu wakaletwa kutoka huko na tatizo likashuka. Mzee mmoja akauliza kama na sisi tuagize Uganda. Akajibiwa tuanze na waliomo vihambani mwetu.

Basi tukaacha pampu. Tukapogoa matawi yaliyogusa chini na yaliyoshikana na migomba, maana ndiyo daraja la sisimizi, na shina tukalifunga utepe wa nailoni uliopakwa grisi. Kazi ya kuchosha, na baadhi yenu mlinicheka. Ila kupogoa kumesaidia hata kwa kimatira, ambaye hupenda mti uliosongamana.

Jambo moja naomba mlishike. Kuna kiumbe cheupe chenye manyoya ya nta, mkubwa kuliko kidung'ata, na wengi tumekuwa tukimponda kwa kidole. Huyo ni mtoto wa mbawakawa, na chakula chake ni vidung'ata. Mguse kwa kijiti: kidung'ata hujikokota, huyu hukimbia. Mimi nimewaponda wengi kabla sijaambiwa.

Ruhuka, yule mdudu mdogo wa matunda ya kahawa, nitamgusa kidogo. Jike hutoboa tunda na kuzaa ndani, kwa hiyo dawa ya juu haimfikii. Buni iliyobaki mtini na iliyoanguka ndiyo nyumba yake mpaka msimu ujao. Wapo ambao hawakuokota, na majirani zao wanawajua.

Kamati inaleta pendekezo mlipigie kura leo: pampu zikae kwa mtunza ghala, na asizitoe mpaka wajumbe wawili wakague kihamba cha mwombaji na kuandika daftarini wamekuta mdudu gani. Kihamba changu kimo pia.