Uso ukizama gizani, usikimbilie kununua kamera nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme juu ya kosa linaloharibu picha nyingi: mtu amekaa mbele ya dirisha, dirisha limetoka safi, uso wake hauonekani. Wengi huilaumu kamera, wakanunua ya bei kubwa zaidi, na uso ukaendelea kuzama. Kinachokosea ni kipima mwanga, na namna ya kukirekebisha iko ndani ya kamera ileile.

Kipima mwanga hakijui harusi wala msiba. Chochote kilichojaa kwenye fremu hukichukulia kuwa ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikikutana na dirisha linalong'aa, hupunguza mwanga mpaka dirisha likaribie kijivu hicho, na aliye mbele yake akageuka kivuli. Gauni jeupe la bibi harusi likijaza fremu hutoka limefubaa, kana kwamba halikufuliwa. Mtu mwenye ngozi nyeusi sana aliyevaa suti nyeusi hupatwa na kinyume chake: kamera huzidisha mwanga, ngozi ikapauka na paji la uso likaungua, yaani likawa jeupe tupu. Kamera za sasa hutambua nyuso na hukosea kidogo zaidi, lakini bado hukosea.

Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kipimo chake ni hatua, na kila hatua moja huongeza mwanga maradufu au kuupunguza kwa nusu. Kwa mtu aliye mbele ya dirisha anza na +1, ukihitaji nenda +2. Gauni jeupe, +1 mara nyingi hutosha. Ngozi na suti nyeusi, jaribu −2/3 au −1. Angalizo: ukiwa kwenye M (hali ambayo unapanga mwenyewe uwazi wa lenzi na muda wa kupokea mwanga) na ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) umeipanga mwenyewe, kitufe hicho hakiongezi mwanga wowote; itakubidi ubadilishe namba hizo kwa mkono.

Na kila namba ina gharama yake. Kutoka f/5.6 kwenda f/4, yaani kuufungua zaidi uwazi wa lenzi, ni hatua moja, ila eneo linaloonekana kali hupungua, na katika picha ya kundi safu ya nyuma hufifia. Kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/60, yaani kuongeza muda wa kupokea mwanga, ni hatua moja pia, lakini mkono ukitetemeka kidogo tu picha inaharibika. Ukishika lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vilivyo mbali, usishuke chini ya 1/200. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia. Huyo anataka 1/500 au zaidi. ISO 400 kwenda 800 huleta chengachenga, yaani vidoadoa kwenye picha, na hapa ndipo watu huogopa bure. Chengachenga hupunguzwa kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haitibiki. Tena anayepiga gizagiza kwa kuikwepa ISO, halafu akaing'arisha picha baadaye, huzikuta chengachenga zilezile, mara nyingi zimezidi.

Ukishapiga, usikiamini kioo cha nyuma. Juani huonyesha picha kama ni nyeusi, usiku huing'arisha kuliko ilivyo. Tazama histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha, giza kushoto na weupe kulia. Mchoro ukibanana kwenye ukingo wa kulia, sehemu nyeupe zimeungua. Faili ya RAW (data ghafi ya kamera) huacha nafasi ndogo ya kuokoa, JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) karibu haiachi. Dirisha likiungua ili uso uonekane, liache liungue, maana hakuna atakayeitazama picha kwa ajili ya dirisha. Ikiwa mandhari ya nje nayo inahitajika, washa flashi imulike uso, upime mwanga kwa kufuata nje.

Pale mnapoweza kuhama, mgeuze mtu alitazame dirisha, wewe usimame ubavuni mwake. Tofauti ya mwanga kati ya uso na kilicho nyuma yake hupungua sana, na mara nyingi kitufe hakihitajiki.

Mpiga picha